Mwendo wa Farasi Kutoka Auderghem

Nafundisha historia na jiografia katika shule moja ya sekondari kule Auderghem, pembezoni mwa Brussels, na kila mwaka kuna wiki moja ambayo naingia darasani na furaha mbaya. Ni wiki ya kufundisha jinsi Wafaransa walivyoikata nchi yao vipande. Nasema furaha mbaya kwa sababu somo hilo nalifundisha huku nikimfikiria mzee mmoja anayekaa mitaa miwili kutoka shuleni, katika nyumba yenye ua wa michongoma. Kila mstari ninaouchora ubaoni, naona mkono wake ndio unaoshika chaki.

Somo lenyewe ni hili. Zamani Ufaransa ilikuwa na majimbo ya kale, kila moja na desturi zake, vipimo vyake na kiburi chake. Wanamapinduzi walipoishika Paris wakaona majimbo hayo yanawafanya watu wajione wa kwao kwanza na Wafaransa baadaye. Wakayafuta. Wakachora vipande vipya vya kulingana, wakaviita départements. Walikuwapo waliotaka kuchora miraba mitupu juu ya ramani, mlima na mto vijijue vyenyewe, lakini wenzao wakawatuliza. Mwishowe mipaka ikafuata kidogo maisha ya watu, na vipande vikapewa majina ya mito na milima, ili pasiwe na mtu wa kusema jina la babu yake limemshinda jirani. Wakaweka na kanuni moja ambayo mimi naipenda kuliko zote: mji mkuu wa kila kipande uwe mahali ambapo mwananchi wa kipande hicho anaweza kufika kwa farasi kwa siku moja. Yaani hawakuuliza tu mtu kazaliwa wapi. Waliuliza anaweza kufika wapi kabla jua halijazama.

Hapo watoto huanza kusinzia, nami nawaamsha. Nawaambia hata Brussels hii ilikatwa. Wafaransa walipoiteka nchi hii ya Ubelgiji waliigawa vipande tisa, na mji wetu ukafanywa makao makuu ya département ya Dyle. Dyle ni mto, lakini haupiti Brussels, unapita Leuven. Mto wa Brussels ni Senne, ambao baadaye wenyeji waliufukia chini ya barabara zao, na katika darasa zima huwa simpati mtoto aliyewahi kuuona. Basi wazee wa mji huu waliishi karibu miaka ishirini wakiitwa kwa jina la mto wa watu wengine. Watoto wa Kibelgiji hunitazama kana kwamba nimewatukania bibi zao. Watoto wa kwetu, wa Kongo, hucheka chini chini, maana nyumbani wamekwisha kuwasikia wazazi wao wakigombana nani ni wa Lualaba na nani ni wa Haut-Katanga.

Ndiyo, na kwetu walikata. Katanga niliyozaliwa ilikuwa jimbo moja, kubwa karibu sawa na Ufaransa yenyewe, kisha Kinshasa ikaipasua vipande vinne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami, Tanganyika. Yatazame majina hayo, karibu yote ni mito na ziwa. Aliyeyachagua alikuwa amekaa dawati la mbele katika somo langu.

Sasa, huku Brussels sisi watu wa Katanga tulikuwa na chama kimoja. Hakikuwa chama cha siasa. Kilikuwa chama cha harusi na vilio, na hasa vilio, maana ugenini mtu haogopi kufa kama anavyoogopa kufa bila watu. Mmoja wetu akifiwa, chama kinatafuta ukumbi, wanaume wanapanga viti, wanawake wanasonga bukari, ndio ugali wetu, na kupika sombe ya majani ya muhogo, na watu wanakaa na wafiwa hadi tramu ya mwisho. Kilio hakina mwaliko. Ukisikia, unakwenda. Hata kama jana mlitukanana, unakwenda, unakaa, unalia kidogo, unakula, matusi yatakungoja kesho.

Mwenyekiti wetu ndiye huyo mzee wa Auderghem. Tulimwita Président, na nadhani hata nyumbani kwake aliitwa hivyo, kwa sababu mkewe sote tulimwita Maman Présidente. Alikuwa mhandisi mstaafu, mrefu, mwenye suti zisizojua kukunjamana, na alipenda mambo yapangwe. Katanga ilipopasuliwa huko nyumbani, yeye huku akasimama mkutanoni akatangaza kwamba chama nacho lazima kifuate.

"Bon," akasema, "inchi imekatwa, na siye tujikate. Kila muntu aende kwabo."

Watu walidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Mkutano uliofuata tulikuta viti vimepangwa mafungu manne, na njia katikati, na yeye amesimama mbele akielekeza watu kwa kidole kama askari wa barabarani. Yeye mwenyewe, sina haja ya kusema, alikuwa wa Haut-Katanga. Haut linamaanisha tu nchi ya juu, kule mito inakotoka, lakini alivyokuwa akilitamka ungesema limeshushwa kutoka mbinguni. Huwa nawaambia wanafunzi kwamba Ufaransa kulikuwa na départements zilizoitwa "za chini", na moja baada ya nyingine zikaomba kubadilishiwa jina, maana hakuna anayetaka kuandikwa wa chini kwenye ramani. Wale wa juu hawakuomba kitu. Wa juu hulala vizuri.

Mama yangu alisimama katikati ya ukumbi, mkoba mkononi, akicheka. Alizaliwa Kalemie, kando ya ziwa, ambako sasa ni Tanganyika. Aliolewa na baba yangu, mtu wa pande za Kamina, ambako sasa ni Haut-Lomami. Waliishi Kolwezi miaka mingi baba akifanya kazi mgodini, na Kolwezi sasa ni Lualaba. Sisi watoto alituzaa na kutulea Lubumbashi, ambako sasa ni Haut-Katanga, baada ya baba kuhamishwa. Mwanamke mmoja, majimbo manne.

"Na miye, Président?" akauliza. "Miye niko pande yote ine."

Président hakucheka. Alimwambia kwamba bibi anafuata bwana yake, kwa hiyo nafasi yake ni kule, kwenye fungu la Haut-Lomami, ambalo lilikuwa na viti vichache karibu na mlango. Mama akaenda akakaa. Lakini kukaa huko hakukumzuia kitu. Kilio kilipotokea, cha fungu lolote, alibeba sufuria yake kwenye tramu, imefungwa kwa kitenge ili isimwagike, akaenda. Nilimwambia mara nyingi aache, kwamba hao wa Lualaba wana wanawake wao wa kupika. Alinijibu kwamba tumbo la mfiwa halijui jimbo.

Mama alikufa majira ya baridi, kwa moyo, akiwa usingizini. Nilimpigia Président asubuhi hiyo hiyo. Sikumpigia kumwomba. Kilio hakiombwi. Nilimpigia kumjulisha, nikitegemea aseme tu ukumbi ni upi. Akanipa pole, kisha akauliza:

"Mama yako alizaliwa fasi gani?"

Nikamwambia anajua vizuri, ni Kalemie.

"Bon. Donc ni muntu ya Tanganyika. Utelefonie bale."

Nikamkumbusha kwamba ni yeye mwenyewe aliyemweka Haut-Lomami, mbele ya watu, kwa sababu ya mume. Hakubabaika hata kidogo. Kwa sauti ya mtu anayesoma sheria iliyokuwapo tangu enzi za mababu, akasema:

"Papa yako alisha kufa zamani. Muntu akifa anarudilia fasi alizaliwa."

Nimeyabeba maneno hayo kama mwiba ulioingia nyayoni ukavunjikia humo. Ningekuwa sina kilio ningecheka: mtu anabadilisha kanuni ya mpaka juu ya maiti ambayo haijapoa.

Niliwapigia wa Tanganyika. Wakasema kwa heshima kabisa kwamba mama aliandikwa Haut-Lomami na wao hawapendi kuingilia wenzao. Wa Haut-Lomami wakasema watoto wa marehemu ni wa Lubumbashi, bila shaka Président atalishughulikia. Wa Lualaba wakatuma pole. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, na hilo ndilo linaloniumiza hata leo. Kila fungu liliamini fungu jingine limekwenda. Président alikuwa amekata kazi yake vizuri, na mama yangu akaangukia kwenye njia alizoziacha kati ya viti.

Ukumbi nilijitafutia mwenyewe, ukumbi wa parokia nyuma ya stesheni ya Gare du Nord, karibu na alikoishi mama. Mimi na dada yangu tulipika kama tunavyojua kupikia kilio, bukari la watu wengi, sombe, samaki. Tukapanga viti. Tukaweka mezani picha ya mama akiwa na kitenge cha njano, mshumaa mbele. Halafu tukakaa. Padre akaja akasali akaondoka. Jirani mmoja wa Kimoroko akaleta keki, akakaa kidogo na koti lake mwilini. Treni zilipita, madirisha yakatetemeka, viti vikabaki vinatutazama. Dada yangu alianza kulia, na nilijua hamlilii mama tena, anavililia viti. Bukari likapoa, likawa gumu.

Jioni, mvua inanyesha, mlango ukafunguliwa akaingia Maman Présidente. Peke yake. Alikuwa amelowa kuanzia kichwani, na mikononi amekumbatia sufuria ya maharagwe imefungwa kwa kitenge, kama mama alivyokuwa akifunga zake. Kutoka kwake Auderghem unapanda metro mwisho wa njia, unabadilisha katikati ya mji, unachukua tramu inayopita chini ya ardhi hadi Gare du Nord, na mwanamke yule miguu ilikuwa inamsumbua miaka. Hakusema samahani nimechelewa. Hakumtaja mumewe. Aliweka sufuria, akavua viatu, akakaa chini kwenye mkeka mbele ya picha, akamlilia mama yangu kwa sauti, akimwita kwa kazi zake: wee uliyetulisha, wee uliyetubebea, umetuachia nani. Aliujaza ukumbi ule yeye mmoja.

Baadaye, tukiosha vyombo, nilimwuliza kama Président anajua yuko hapa. Akasugua sufuria, akasema:

"Miye ni muntu ya Bukavu, kule Kivu. Balishindwa fasi ya kuniweka. Miye sikukatwa."

Aliondoka na tramu ya mwisho, akasahau sufuria yake jikoni. Ilikuwa ya aluminiamu, kubwa, mkono wake mmoja umevunjika na kufungwa waya. Sikuirudisha. Kuirudisha kulimaanisha kubisha mlango wa nyumba ile.

Basi nikawa namchukia yule mzee. Sitapamba maneno. Nilimchukia asubuhi nikishuka metro, nilimchukia nikipita kando ya ua wake kwenda shuleni, nikamchukia zaidi siku nilipomwona na mkasi mkononi akiisawazisha michongoma yake, akirudi nyuma hatua moja kutazama kama iko sawa. Alinisalimu. "Bonjour, Prof." Nikamjibu "Bonjour, Président" kwa meno yote thelathini na mawili, nikaingia darasani nikawapa watoto wa watu mtihani wa ghafla. Nilikuwa nikibuni njia za kumlipa. Nimsimamie kanisani nimwaibishe. Nimchongee kwa watu wake wa Haut-Katanga. Njia zote zilikuwa ndogo. Nilitaka kitu kimoja tu: naye akae mbele ya picha ya mtu wake, viti vimtazame, mlango usifunguliwe. Aliye juu mngoje chini, walisema wazee, nami nikangoja.

Wakati nangoja, nikaanza kufanya kazi ya mama. Nikawa nachukua sufuria, nakwenda kila kilio, cha fungu lolote. Mwanzoni nilikwenda kwa hasira, ili wanione, waone haya. Wakaona haya kweli. Watu wa mafungu yote manne wakaanza kunipigia simu kabla ya kumpigia mtu mwingine yeyote: Prof, kilio kiko wapi, Prof, twende saa ngapi, Prof, tulete nini. Padre wa parokia akawa ananipa ufunguo wa ukumbi bila kuniuliza. Sikuchaguliwa na mtu. Lakini pole pole ikawa hivyo, kwamba nikienda wanakwenda, nikinyamaza wanadhani hakuna kitu. Président alibaki na cheo chake na viti vyake, na mikutano aliyoitisha ikawa ya watu wachache na juisi.

Mwaka jana, masika yalipokuwa yanaanza, Maman Présidente akafa. Aliugua muda, na hospitali nilikwenda kumwona mara kadhaa, nikichagua saa ambazo mumewe hayupo. Siku alipofariki, simu yangu ikalia nikaona ni namba ya Auderghem.

"Prof," akasema. Sauti ilikuwa imekauka. "Maman ametuacha. Niko natafuta salle."

Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi za Gare du Midi, natoka kununua mboga sokoni, mifuko mikononi. Watu wananipita na masanduku yao. Nilikuwa nimeisubiri simu hiyo kuliko nilivyowahi kusubiri kitu chochote, na nilipoipata nikaweka mifuko chini ili niifurahie vizuri.

"Pole, Président," nikasema. "Maman alizaliwa fasi gani?"

Nikasikia anavuta pumzi. Mkuki kwa nguruwe. Nikamwacha, sikumsaidia, mpaka akasema mwenyewe, polepole:

"Bukavu."

"Bon," nikasema.

Na hapo ndipo nilipokwama. Maana kilichofuata nilikijua kwa moyo, nimekirudia mbele ya kioo: donc ni muntu ya Kivu, utelefonie bale. Mdomo ulikuwa umefunguka tayari. Lakini nilimwona yule mwanamke amelowa mvua, amekumbatia sufuria. Nikimnyima mumewe watu, namnyima yeye watu. Picha itakayotazamwa na viti vitupu ni yake. Mzee yule, hata alipofiwa, alikuwa amejificha nyuma ya mtu ambaye sikuweza kumgusa. Nilikasirika. Nikamwambia ukumbi nitautafuta, nitampigia.

Nilitembea na mifuko yangu nikifikiri. Nilihitaji kuwakata mume na mke wawe vipande viwili, mmoja nimpe haki yake na mwingine nimpe yake, na katika maisha yangu yote ya kufundisha mipaka sijawahi kuchora mpaka mgumu kama huo. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimeupata. Nilimpigia Président, nikamwambia ukumbi ni ule ule wa nyuma ya Gare du Nord, watu wataanza kufika saa kumi alasiri. Kisha simu za mafungu manne zikaanza, wananiuliza kwa woga, maana wote walikumbuka. Prof, twende au tusiende? Twendeni, nikasema. Twendeni wote, na watu wa Kivu nimewaambia. Lakini alasiri ukumbi una mafundisho ya watoto wa komunyo, kwa hiyo mtu asije kabla ya saa kumi na mbili. Mafundisho hayakuwapo. Niliyabuni mimi.

Siku ya siku nilifika mapema, nikafungua, nikaingia jikoni na sufuria yenye mkono wa waya. Ndani yake nilikuwa nimepika maharagwe. Jiko lile lina dirisha dogo la kupitishia sahani, na kupitia hapo nilimwona akiingia. Suti nyeusi, kola nyeupe. Watoto wake wako Kanada, ndege yao ilikuwa kesho yake. Akaweka picha ya mkewe mezani, akawasha mshumaa, akageuka akaanza kupanga viti. Nilishika mdomo. Alivipanga mafungu manne, na njia katikati. Sidhani alikusudia. Mikono yake haikujua kupanga viti namna nyingine. Alipomaliza akarudi nyuma hatua moja, akatazama kama viko sawa, kisha akakaa kiti cha mbele.

Nikatoka jikoni, nikampa mkono wa pole, nikaenda kukaa ukuta wa pili, nikimwelekea. Nilitaka kuona kila kitu.

Naeleza kama ilivyokuwa: ilikuwa tamu. Treni zilipita, madirisha yakatetemeka kama yalivyotetemeka siku ya mama. Kila hatua zilipopita nje aligeuza kichwa kutazama mlango, na kila zilipoendelea mbele nilihisi kitu kinalegea kifuani mwangu, fundo lililokuwa hapo muda mrefu mpaka nilidhani ni mfupa wangu. Alitazama saa. Akatazama simu, akairudisha mfukoni. Alinyanyuka akasogeza kiti kimoja kilichokuwa kimepinda, akakaa tena. Uso wake ukaanza kulegea, ukawa wa mzee tu, mzee yeyote. Sikumhurumia. Nilijikagua nione kama ninamhurumia, nikakuta simhurumii.

Baada ya muda mrefu akauliza, bila kunitazama:

"Bantu beko wapi, Prof?"

Nilikuwa nimeandaa jibu lile kwa miaka.

"Wafaransa walipokata nchi yao, Président, walisema muntu ni wa pale anaweza kufika na farasi siku moja. Kutoka kwako mpaka hapa ni metro na tramu. Siku ya mama yangu, farasi yako ilikuwa wapi?"

Aliweka mikono juu ya magoti, akatazama picha ya mkewe. Nami nikatazama picha, na hapo utamu ukapungua kidogo, kwa sababu yule mwanamke alikuwa anacheka kwenye picha ile, na sikujua anacheka nini. Nikarudi jikoni kupasha maharagwe.

Saa kumi na mbili mlango ukafunguka na haukufungwa tena. Walikuja wote. Wa Tanganyika, wa Lualaba, wa Haut-Lomami na sufuria zao, wa Haut-Katanga waliokuwa wameikimbia mikutano yake, watu wa Kivu wengi ambao hata sikuwahi kuwaona, wanawake wa parokia, wauguzi wawili wa hospitali. Hapakuwa na nafasi ya mafungu. Watu walivuta viti wakavichanganya, mikeka ikatandikwa juu ya njia zake, na wanawake wa Bukavu wakaanza kulia kwa nyimbo za kwao. Nilikaa chini kati yao, nikamlilia Maman Présidente kama alivyomlilia mama yangu, kwa kazi zake, na machozi yale yalikuwa ya kweli. Nilimwambia deni langu kwake limefika.

Wakati wa chakula nilisimama dirishani nikigawa. Watu walipita na sahani, mmoja mmoja, na mwishoni akaja yeye. Nikamwekea bukari. Nikachota maharagwe. Akaitazama sufuria, akaugusa ule mkono wa waya kwa kidole.

"Hii waya nilifunga miye," akasema.

Akabaki amesimama pale, sahani mkononi, na watu nyuma yake wanaongea na kucheka kama wanavyocheka watu kwenye kilio chenye watu wengi.

"Shemeji yangu wa fungu ya Lualaba alinitelefonia jana," akasema. "Aliniambia ni dix-huit heures, saa kumi na mbili. Nilijua."

Nikamtazama machoni kwa mara ya kwanza siku ile.

"Maman aliniambia mbele ya kufa. Alisema, siku yangu, ule mutoto atakukalisha weye peke yako. Uende. Ukae. Usimuulize kitu. Lakini miye nilikuuliza. Nilishindwa."

Miaka yote ile nilikuwa nimedhani kisasi changu ni changu. Nilikichora mwenyewe, nikakiwekea mipaka mwenyewe, nikakificha moyoni nisimwonyeshe hata dada yangu. Kumbe mwanamke yule, akiwa kitandani hospitali na mimi nimemshika mkono, alikuwa amekwisha kukiona chote, akakipima, akanikatia kipande kinachonitosha, na akamtuma mumewe aje akikalie. Nilitaka kukasirika na nikakasirika. Nilikasirikia hata wema wao.

"Inatosha, Prof?" akaniuliza. "Ao nikae tena?"

Mikono yangu ilikuwa na unga. Nyuma yake niliona picha ya Maman kati ya vichwa vya watu, inacheka, na mbele yake hakuna kiti hata kimoja kitupu. Nikafikiria ukumbi huu huu na bukari lililokuwa gumu, na dada yangu akivililia viti.

"Haitoshi," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyelitegemea jibu hilo. Akachukua sahani yake, akapita kati ya watu, akarudi kukaa.